Wameniweka kwenye grupu

Mdogo wangu alinipigia saa tano na nusu usiku, Jumanne, nikajua kuna jambo kabla hajafungua mdomo maana yeye ni mtu wa meseji, akipiga simu ujue ni msiba au ada. Akasema shikamoo dada, halafu kimya. Marahaba, nini tena? Akasema wameniweka. Wamekuweka wapi? Kwenye grupu, dada, wameniweka kwenye grupu.

Kama uko chuo au una mtoto chuo huhitaji maelezo zaidi ya hapo. Kwa wengine niseme tu kwamba siku hizi vyuo vingi vina grupu au ukurasa wa "habari za chuo" ambao hakuna anayejua nani anauendesha, unatuma stori yako kwa siri, admini anaiposti, jina lako halionekani. Humo ndimo yanamotangazwa madaftari yaliyopotea, chumba cha kupanga, tetesi za bumu (ile pesa ya mkopo ya kujikimu), nani kapata sapu (mtihani wa kurudia), na katikati ya hayo yote anawekwa binti wa watu. Picha ya mdogo wangu ilipigwa kwa nyuma, jioni, akiingia kwenye gari nje ya hosteli, chini yake wameandika bumu likikata mbaba anaingia, yaani hela ikiisha anahongwa na mwanaume mtu mzima, halafu jina lake, kozi yake na mwaka anaosoma. Lile gari ni la baba yetu mdogo. Alitoka nyumbani na mchele, dumu la mafuta ya kula na mfuko wa dagaa ambavyo mama alimpa ampelekee mtoto, alipofika akamwambia ingia twende ukale kidogo mwanangu umekonda. Basi. Hiyo ndiyo stori yote.

Sitataja chuo chake, na wanaomjua naomba msimtaje huko chini. Ninachotaka kuandika nimekibeba muda mrefu na hiyo simu ndiyo imenifanya nikae chini nikiandike, ni hili suala la habari za chuo, nani anaziandika na anamwandika nani.

Mimi nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ile WhatsApp ndiyo kwanza inaanza kuingia kwenye simu za wanafunzi na wengi wetu tulikuwa bado na vitochi. Habari zilikuwa na mahali pake pa kuishi. Kulikuwa na mbao za matangazo, unapita asubuhi unasoma ratiba, unasoma majina ya wanaotakiwa kusaini bumu, matokeo yamebandikwa kwa namba za usajili na wewe umekariri za marafiki zako wote kwa hiyo hiyo siri ya namba haikuwa siri kabisa. Halafu kulikuwa na vimbweta. Kwa ambaye hajafika, kimbweta ni meza na viti vya zege vilivyotapakaa chini ya miti, watu wanasoma, wanabishana siasa, wanafanya disikasheni, ngedere wanakuangalia chapati yako, na habari yoyote ya pale Mlimani ikizaliwa saa nne asubuhi basi saa saba mchana vimbweta vyote vinayo. Bumu limetoka. Bumu halijatoka, bodi ya mikopo wanasema kesho. Siku zile ilikuwa 7,500 kwa siku, baadaye ikapanda mpaka 10,000, na naweza kuapa kwamba hakuna habari iliyowahi kutembea kwa kasi kama hiyo ya bumu kutoka, haijalishi ni mwaka gani.

Ila ukiwa kimbwetani, anayekuletea habari unamuona uso. Ukimwambia muongo, anakujibu palepale. Wakati ule sikujua kwamba hicho ni kitu cha maana.

Mwaka wa pili mwalimu wetu mmoja alitutuma maktaba, East Africana, tukatafute machapisho ya zamani ya wanafunzi, na mimi nikakutana na Cheche. Sikuwa nimewahi kuisikia. Karatasi zimekuwa za njano, herufi za taipureta zimechapwa kwenye stensili halafu zikazungushwa kwa mashine ya mkono, nyingine zimefifia. Toleo la kwanza ni la Novemba 1969. Waliokuwa wanaitoa ni wanafunzi wa kikundi cha kimapinduzi kilichoitwa USARF pamoja na tawi la vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, pale chuoni, jina wamelitoa kwenye gazeti la Lenin lililoitwa Iskra, yaani cheche. USARF yenyewe mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana kutoka Uganda anaitwa Yoweri Museveni, na mwalimu waliyekuwa wanamzunguka ni Walter Rodney kutoka Guyana. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na dada mmoja, Zakia, ambaye baadaye nchi nzima tulikuja kumjua kama Zakia Meghji, waziri wa fedha.

Kilichonishika sio siasa zenyewe, nyingine kwakweli zilinipita. Kilichonishika ni majina. Makala kali kabisa, inasema viongozi wa serikali na mashirika ya umma wanageuka kuwa tabaka la wanyonyaji, na juu kuna jina la mtu. Toleo maalumu la Septemba 1970 lote lilikuwa andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya hapa Tanzania, kijana wa sheria hata miaka thelathini hajafika, anawaandika wakubwa wa nchi na jina lake liko hapo hapo kila mtu analiona. Novemba mwaka huohuo Cheche ikapigwa marufuku na USARF ikafutwa, sababu ikatolewa kwamba umoja wa vijana wa TANU unatosha na hatuhitaji itikadi za kuazima. Gazeti liliishi mwaka mmoja tu. Na baadaye vijana wa TANU pale chuoni wakaanzisha jingine, MajiMaji, maisha yakaendelea.

Sasa kabla hujaniambia kuandika kwa jina ni rahisi kusema, najua. Historia ya Mlimani imejaa watu waliolipa. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na katika mabango yao kulikuwa na lile lililosema afadhali wakati wa mkoloni, Mwalimu Nyerere, rais wa nchi, akakasirika kweli kweli, karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa wakarudishwa makwao, na siku hiyohiyo akatangaza anakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Akivaga, Mkenya, alifukuzwa baada ya kuandika barua ya wazi kwa uongozi wa chuo. Mwaka 1978 wakaandamana tena, safari hii kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, wakafukuzwa tena, na mmoja wa waliofukuzwa ni mtoto wa Nyerere mwenyewe, Makongoro. Kwa hiyo mtu akisema mimi naficha jina langu kwa sababu nikisema ukweli nitafukuzwa chuo, siwezi kumcheka. Mwenye rungu yupo na rungu anajua kulitumia.

Lakini sasa hapa ndipo inabidi tuongelee Mzee Punch.

Waliosoma Mlimani miaka ya 70 na 80 wanamjua. Punch lilikuwa gazeti la ukutani, linabandikwa usiku, asubuhi ukiamka unakuta watu wamejazana wanasoma, michoro na maandishi, hakuna jina la mwandishi, kila kitu kimesemwa na "Mzee". Wanaosimulia wanasema mwanzoni lilikuwa linawachapa walimu na viongozi wa wanafunzi waliojisahau, na watu walilipenda kwa hilo. Na mimi naamini kabisa kwamba waliloanza nalo lilikuwa jambo zuri, wakubwa wanasemwa na hawajui wamkamate nani. Ila muda ulivyokwenda Mzee akahamisha macho. Akaanza kuwaandika wasichana. Ukimkataa mwanaume anayejuana na Mzee, kesho uko ukutani, umechorwa utupu, umeandikwa matusi, na rafiki zako wanaogopa kukaa na wewe kwenye meza ya kafeteria maana anayekaa na aliyeandikwa naye anaweza kufuata.

Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua. Alikuwa amesumbuliwa na wanaume, akakataa, akaandamwa, na Punch likiwa sehemu ya kuandamwa huko. Jina lake lipo kwenye kumbukumbu, waandishi wanawake wa TAMWA, chama chao kikiwa na miaka mitatu tu, walilibeba hilo jambo na kulipigia kelele mpaka nchi ikasikia, na wanaharakati wengi wa haki za wanawake wanaitaja siku hiyo kama siku walipoamka. Mimi leo nimechagua kutoliandika jina lake. Liliandikwa vya kutosha ukutani. Ninachotaka ukione ni hiki, kwamba zaidi ya miaka 30 baadaye jina la aliyekufa tunalo, umri wake tunao, alichokunywa tunakijua, na waliokuwa wanaandika Punch mimi sijawahi kukutana na jina la hata mmoja. Watakuwa wazee sasa. Huenda mmoja wao ni bosi wa mtu anayesoma hapa, huenda ni babu anayecheza na wajukuu zake Jumapili, na sisemi hivi kwa kutaka watafutwe, nasema tu kwamba ile siri waliyoitunza vizuri namna ile haikuwalinda na serikali hata kidogo. Serikali haikuwa na shida nao. Cheche lenye majina lilifutwa ndani ya mwaka mmoja. Punch lisilo na majina liliachwa miaka na miaka mpaka maiti ikatoka.

Mei mwaka huohuo 1990 chuo kikafungwa, kwa mgogoro mwingine wa wanafunzi na serikali ya Mzee Mwinyi, na ukisoma historia fupi za chuo mara nyingi 1990 inatajwa kwa huo mgogoro. Habari za wanaume na serikali ndizo habari. Ya yule binti inawekwa chini kwenye mstari mmoja.

Nilijua haya yote. Niliyasoma, niliyaandikia eseyi, nikapata B+. Na bado.

Na bado, mwaka huohuo niliokutana na Cheche au uliofuata, tukiwa fildi (mafunzo kwa vitendo) mkoani, vijana kutoka vyuo mbalimbali tumepangishwa nyumba moja, ikatumwa picha ya dada mmoja tuliyekuwa naye hapohapo fildi, kwenye Facebook, amelewa, sketi imepanda, na maneno. Tulikuwa tumekaa sebuleni tunakula chipsi mayai. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Nilicheka. Sikucheka sana, nilicheka kidogo ile ya kufuata wenzako, halafu nikampa simu aliyekuwa pembeni yangu. Yule dada alikuwa chumbani, mlango umefungwa, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa mbao nyembamba (ukigeuka kitandani jirani anasikia) kwa hiyo alitusikia wote. Hakumaliza fildi. Sijawahi kumtafuta. Nina namba yake mpaka leo maana tulikuwa tunachangia umeme, na mara ngapi nimeifungua nikaandika "mambo" nikafuta.

Ndiyo maana mdogo wangu aliposema wameniweka nilikaa kitandani nikashindwa kusema kitu cha maana. Nikamwambia pole. Nikamuuliza umekula? Akasema hajatoka chumbani toka asubuhi, wenzake wanne anaokaa nao, mmoja kalala kwa kubebwa tu hana kitanda rasmi, wote wanatembea kwa vidole kama kuna mgonjwa ndani. Akaniuliza mama atajua? Nikamwambia mama hana hata WhatsApp. Akasema lakini majirani wanayo.

Asubuhi nikaomba ruhusa kazini nikaanza kupiga simu. Ofisi ya kwanza ikanipeleka ya pili, ya pili ikasema hayo mambo ya mitandao wanafunzi wenyewe ndio wanayafanya sisi tufanyeje, ya tatu simu inaita tu. Mchana nikampata mama mmoja wa dawati la jinsia, maana siku hizi vyuoni yapo madawati hayo, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, akasema mlete aandike maelezo, akaniambia na polisi ana haki ya kwenda, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatambua kosa la kumnyanyasa mtu mtandaoni. Hii sheria sisi wengine tumezoea kuisikia ikitajwa mtu akikamatwa kwa kuiandika serikali. Nilimwambia hivyo yule mama. Akasema ndiyo mwanangu, lakini imeandikwa pia kwa ajili ya huyo mdogo wako, tatizo hawaji. Wanaona aibu. Wakija wengi wanasema basi mama tuache, nataka wafute tu picha.

Na kweli mdogo wangu naye alisema hivyohivyo. Dada mi nataka wafute tu.

Hawakufuta. Admini hajulikani, utamuomba nani? Nilijaribu kumtumia ujumbe kwenye ule ukurasa, nikajieleza kwa ustaarabu kabisa, mimi ni dada yake, mwenye gari ni baba yetu mdogo, tafadhali. Akanijibu kwa ki-emoji cha kucheka. Halafu nikaona amesoma na ujumbe wangu wa pili, na wa tatu, kimya. Nilikuwa nautazama ule ukurasa nikatamani ningekuwa naona ukuta halisi, kuna karatasi, nichane.

Watu wananiambia ukiondoa usiri utawaua wanaosema ukweli kuhusu walimu wanaodai ngono kwa maksi, na wana hoja, rushwa ya ngono ipo na msichana akimtaja mhadhiri kwa jina lake mwenyewe anajua kabisa karatasi yake ya mtihani itapita mikononi mwa nani. Mimi sitaki huyo msichana atajwe. Nataka afichwe, afichwe vizuri, na kuna watu wa kumficha, ndiyo kazi ya mwandishi wa habari, ndiyo kazi ya yule mama wa dawati, mtu mwenye jina anasimama mbele na jina lake na kusema nimeletewa malalamiko, mleta malalamiko simtaji, nimeyachunguza, mnitafute mimi. TAMWA walifanya hivyo. Walioleta habari walilindwa, walioandika walikuwa na majina. Lakini kujificha ili umtupie mawe binti wa mwaka wa kwanza anayepokea mchele wa nyumbani, huko unamkimbia nani? Yeye ana rungu gani? Anayemuogopa huyo mpaka afiche jina ni nani hasa?

Na hata hizo kurasa, nilikaa usiku mmoja mzima napekua ule ukurasa toka mwanzo wake, nilitaka nione kama wamewahi kumweka mkubwa yeyote. Nilishuka mpaka posti za kwanza kabisa. Kuna malalamiko ya maji kukatika hosteli, mazuri, yenye picha ya bomba, watu wachache wamelaiki. Kuna mtu aliandika kirefu kuhusu matokeo yaliyochelewa kuingizwa kwenye mfumo mpaka watu wakakosa bumu, maneno ya maana kabisa, watatu wamekomenti. Halafu wasichana. Wasichana, wasichana, wasichana, na komenti mia na kitu kila mmoja. Mhadhiri hata mmoja hayupo. Mkuu hata mmoja. Mzee Punch alivyohamisha macho na hawa wamehamisha vilevile, na hakuna aliyewafundisha, wengi wao hata hilo jina la Punch hawajawahi kulisikia.

Nilimsimulia mdogo wangu habari za 1990. Niliogopa kumsimulia, nilifikiri nitampa mawazo mabaya, lakini tulikuwa tumekaa kwangu siku ya Jumamosi, alikuwa amekuja kupumzika, akaniuliza mwenyewe dada hivi zamani kulikuwa na vitu kama hivi? Nikamwambia vyote, na Cheche, na ukuta, na yule binti, na mimi na ile simu pale fildi. Hiyo ya mwisho aliisikiliza akiwa amenitazama usoni, hakusema kitu kwa muda, akasema ulicheka kweli? Nikasema ndiyo. Akainuka akaenda kuosha vyombo.

Jumatatu alirudi chuo. Jioni akanitumia skrinishoti, nikaifungua mikono inatetemeka nikijua ni picha mpya. Ilikuwa grupu la darasa lao, lile la kawaida, lenye CR (kiongozi wa darasa) na ratiba na pidiefu za mwalimu. Ameandika jina lake kamili na namba yake ya usajili. Ameandika, mimi ndiye niliyeko kwenye ile picha, gari ni la baba mdogo, nilikuwa naletewa mchele, aliyepiga picha kama uko humu mimi nakaa mstari wa tatu upande wa dirishani, njoo uniulize. Nimeshaandika maelezo dawati la jinsia na kesho naenda polisi.

Chini yake dakika kumi hakuna mtu aliyejibu. Zinaonekana tiki za bluu tu. Halafu msichana mmoja akaandika jina lake na namba yake ya usajili, hakuongeza neno jingine. Halafu mwingine. Halafu kijana mmoja. Skrinishoti ilipoishia walikuwa wamefika kumi na moja, na CR kauliza asainmenti ya kundi la nne iko wapi maana mwisho ni saa sita usiku.

Polisi alikwenda kweli, akapewa namba ya jalada. Picha bado iko juu. Mimi jana usiku nimefungua tena ile namba ya yule dada wa fildi, safari hii sikuandika "mambo", nimeandika jina langu, tulipokaa, na mwaka, halafu nikaomba msamaha, nikatuma. Bado ni tiki moja.